Nani Kaiba Samaki? Unajimu wa Maswali na Wafasiri Wake

Jumamosi ya tarehe 10 Februari 1638, mnajimu Mwingereza William Lilly alikuwa kwake shamba, upande wa Walton nje ya London, akingoja samaki aliowanunua mjini kwa ajili ya Kwaresima. Mzigo ulikuwa uletwe kwa mashua ya mtoni. Badala ya samaki, alifika mmoja wa watu wa mashua na habari: ghala limevunjwa usiku, samaki wameibwa. Lilly akatazama saa. Aliandika wakati halisi aliopata habari hiyo, akachora mbingu zilivyokuwa wakati huo, akasoma kwamba mwizi ni mtu wa kazi za majini. Wiki iliyofuata alipata hati ya upekuzi, akaenda na konstebo na mwenye mashua hadi nyumba moja tu, nyumba ya mvuvi. Samaki wengine walikutwa, wengine walikwisha kuliwa. Akauliza pia habari za vitunguu vyake saba vya Ureno vilivyokuwa kwenye mzigo. Mama wa nyumba ile, asijue ni vitu gani, alikuwa amevipikia supu.

Mwenye shaka atasema, na hakosei, kwamba samaki wakiibwa ghalani kando ya mto hakuna haja ya kuzisumbua nyota ili kumshuku mvuvi. Lakini kisa hiki, ambacho Lilly alikichapisha mwaka 1647 katika kitabu chake Christian Astrology, kinavutia kwa sababu nyingine. Kanuni alizozitumia hazikuwa zake, wala hazikuzaliwa Uingereza. Nyingi zilimfikia kupitia vitabu vya Kilatini. Vitabu hivyo vilizipata kwa wafasiri wa karne ya 12 waliofanya kazi Hispania, wafasiri walizitoa katika Kiarabu cha Baghdad, na Kiarabu nacho kilikuwa kimepokea mengi kutoka Kiajemi na Kiyunani. Kila kituo kilipunguza kitu na kuongeza kingine. Tangu miaka ya 1990 wafasiri wachache wamekuwa wakiirudia njia hiyo kwa kurudi nyuma, kituo hadi kituo, na kazi yao imefichua tatizo ambalo msomaji wa mashairi au historia halioni kwa urahisi. Vitabu vya namna hii ni miongozo ya kazi. Neno moja likifasiriwa kombo, mteja aliyestahili kuambiwa "ndiyo" anaambiwa "hapana".

Unajimu wa maswali ni tawi linalojitegemea ndani ya unajimu. Hauhitaji siku ya kuzaliwa ya mtu. Mtu anakuja na swali moja: mgonjwa wangu atapona? Mdaiwa wangu atalipa? Aliyetoroka yuko wapi? Mnajimu anachukua saa ambayo swali limemfikia, anatafuta buruji inayochomoza mashariki wakati huo, anaigawa mbingu katika nyumba kumi na mbili, kisha anampa kila mhusika nyumba yake. Nyumba ya kwanza ni ya muulizaji, ya pili ni ya mali yake, ya saba ni ya mwenzake au mpinzani wake, ya nane ni ya mauti na pia ya mali ya huyo mwenzake. Kila nyumba ina sayari inayoitawala, na jibu linatokana na namna sayari hizo zinavyokutana, zinavyotazamana au zinavyopitana bila kuonana. Waarabu waliyaita haya masail, na Walatini wakayaita interrogationes.

Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki maswali hayo si mageni hata kidogo. Ndiyo yaleyale yanayopelekwa kwa mpiga ramli tangu zamani: nani kaiba, msafiri atarudi lini, ndoa hii ina heri? Ukaribu huo una mizizi. Hugo wa Santalla, mmoja wa wafasiri wakubwa wa unajimu wa maswali kwenda Kilatini, ndiye pia aliyewaletea Walatini kitabu cha ramli. Kwake yeye, nukta za mchangani na nyota za mbinguni zilikuwa bidhaa za duka moja.

Chanzo cha elimu yenyewe bado kinabishaniwa. Ptolemy, aliyeandika Alexandria katika karne ya 2 na kuheshimiwa kuliko mnajimu yeyote wa kale, hana sura ya maswali katika kitabu chake kikuu cha unajimu. Dorotheus wa Sidon, aliyemtangulia kidogo, alitunga vitabu vitano vya mashairi ya Kiyunani, na cha tano kinahusu kuanza mambo: lini kusafiri, lini kujenga, nini kitatokea mtumwa akitoroka, na mwizi ana sura gani. Hapo swali na tendo vinakaribiana mno. Je, Dorotheus alikuwa anasoma saa ya wizi au saa ya mtu kuuliza juu ya wizi? David Pingree wa Chuo Kikuu cha Brown, aliyehariri kitabu hicho mwaka 1976, aliamini kwamba maswali yalikomaa Uhindi ndipo yakarudi magharibi kupitia Uajemi. Wengine wanaona mbegu yote imo kwa Wayunani.

Ugumu wa kukata shauri unatokana na hali ya ushahidi. Mashairi ya Dorotheus kwa Kiyunani yamepotea isipokuwa vipande. Kitabu kizima kinajulikana kwa Kiarabu, nacho Kiarabu hicho ni kazi ya Umar ibn al-Farrukhan al-Tabari, ambaye karibu na mwaka 800 aliifasiri tafsiri ya Kipahlavi, Kiajemi cha zamani za Wasasani. Na Waajemi hawakufasiri tu. Ndani ya maandishi hayo kuna chati mbili ambazo hesabu inazipeleka miaka ya 281 na 381, wakati Dorotheus alikuwa kaburini kwa karne kadhaa. Kwa hiyo anayekinukuu kitabu cha tano cha Dorotheus ananukuu angalau watu watatu waliovaa kanzu moja, na si rahisi kusema ni nani anayezungumza katika sentensi ipi.

Baghdad ndipo elimu hii ilipopata mwili kamili. Khalifa al-Mansur alipotaka kuujenga mji huo aliwaita wanajimu wamchagulie siku, nao wakachagua tarehe 30 Julai 762. Chati ya saa ile imehifadhiwa na msomi wa baadaye, al-Biruni, na inaonyesha sayari ya Mshtarii katika buruji ya Kausi iliyokuwa ikichomoza. Miongoni mwa walioitwa alikuwa kijana Myahudi wa Basra aliyejulikana kwa jina ambalo Mswahili hulitamka kila amwonapo mtoto mzuri: Mashaallah. Baada yake alikuja Sahl ibn Bishr, Myahudi wa Khorasan, aliyewatumikia wakubwa wa dola katika nusu ya kwanza ya karne ya 9. Walikuwapo pia huyohuyo Umar al-Tabari, al-Kindi mwanafalsafa, na Abu Ali al-Khayyat, mwanafunzi wa Mashaallah. Ukiyaweka maandishi ya hawa watano pamoja, una karibu kila kitu ambacho Ulaya ingekuja kukijua juu ya maswali kwa miaka mia nane iliyofuata.

Si kwamba wote waliridhika. Al-Biruni mwenyewe, katika kitabu cha mafunzo alichokiandika mwaka 1029, anapanga matawi ya unajimu kwa ngazi, na kila ngazi inavyokuwa mbali na mwanzo unaojulikana, kama kuzaliwa kwa mtu, ndivyo imani yake inavyopungua. Anafika mahali anaonya kwamba sasa mnajimu amesimama upande mmoja na mchawi upande wa pili. Onyo hilo halikuwazuia wafasiri. Pengine hata liliwavutia wateja.

Kazi ya kufasiri kwenda Kilatini ilipamba moto Hispania kati ya miaka ya 1130 na 1150 na kitu. Toledo ndiyo inayotajwa kila mara, lakini kwa maswali mji mdogo wa Tarazona, katika Aragon, unastahili sifa zaidi. Askofu Michael wa Tarazona alikuwa na kiu ya vitabu vya falaki, na Hugo wa Santalla alikuwa mtu wake. Katika utangulizi mmoja Hugo anaeleza kwamba kitabu alichokuwa akikifasiri kilipatikana katika maktaba ya Rota, ngome ambako wafalme wa ukoo wa Banu Hud walijikusanya baada ya Zaragoza kutekwa mwaka 1118. Yaani vitabu vya mshindwa viliingia mikononi mwa mshindi, naye akataka kujua vinasema nini.

Mwenzake Hugo, John wa Seville, alifanya kazi upande mwingine wa rasi na kwa tabia tofauti kabisa. John alifasiri neno kwa neno. Pale ambapo Kilatini hakikuwa na neno, aliliacha la Kiarabu likiwa na mkia wa Kilatini. Hugo aliona aibu kuandika hivyo. Alipenda Kilatini cha madoido, akaliepuka neno la kigeni, na istilahi moja ya Kiarabu aliweza kuifasiri kwa namna tatu katika ukurasa mmoja ili asirudie. Kwa msomaji wa fasihi Hugo ni burudani. Kwa mnajimu mwenye mteja mlangoni ni balaa, maana hajui kama maneno matatu yanamaanisha vitu vitatu au kitu kimoja. Si ajabu kwamba vitabu vilivyopitia kwa John ndivyo vilivyoenea zaidi.

Wa tatu ni Robert wa Ketton, Mwingereza, aliyekifasiri kitabu cha hukumu cha al-Kindi. Huyohuyo mwaka 1143 alimaliza tafsiri ya kwanza ya Qurani kwenda Kilatini, kazi aliyoagizwa na Peter, abate wa Cluny. Kitabu hichohicho cha al-Kindi kilifasiriwa pia na Hugo. Mtafiti wa leo anaweza kuwaweka wawili hao bega kwa bega na Kiarabu chenyewe, akaona mahali ambapo kila mmoja alikwama, akaruka au akajitungia.

Kutokana na mikono hiyo likazaliwa kusanyiko kubwa liitwalo Liber novem iudicum, yaani Kitabu cha Waamuzi Tisa, lililopigwa chapa Venice mwaka 1509. Mpangilio wake ni wa vitendo kabisa. Unatafuta nyumba, kisha swali, kisha unasoma Umar anasemaje, al-Kindi anasemaje, Sahl anasemaje. Wakipingana, kitabu hakiamui. Kilikuwa chombo cha mtu anayefanya kazi hiyo kila siku na anayetaka rai ya pili.

Njia nyingine ilipita kwenye jumba la mfalme. Ali ibn Abi al-Rijal, mnajimu wa Tunisia wa karne ya 11, aliandika kitabu kinene cha sehemu nane ambacho sehemu zake za mwanzo zimejaa maswali. Mwaka 1254 Yehuda ben Moshe, msomi wa Kiyahudi, alikifasiri kwa Kikastilia, Kihispania cha wakati huo, kwa amri ya mfalme Alfonso wa 10. Kilatini kikaja baadaye, kikifasiriwa kutoka Kikastilia hicho. Chapa ya Venice ya mwaka 1485 iliyosomwa Ulaya nzima ni tafsiri ya tafsiri.

Guido Bonatti wa Forlì hakuwa mfasiri, ila bila yeye wafasiri wangekuwa na wasomaji wachache zaidi. Katika nusu ya pili ya karne ya 13 alivitia vitabu hivyo vyote katika kitabu chake kimoja, akaongeza visa vya vita na siasa za Italia alizoziona kwa macho yake. Takriban wakati huohuo, Machi 1277, askofu wa Paris Étienne Tempier alilaani hoja 219 zilizokuwa zikifundishwa chuoni, na katika utangulizi wa hukumu yake akakitaja kwa jina kitabu cha ramli. Dante naye alimweka Bonatti motoni, katika wimbo wa 20 wa Inferno, pamoja na watabiri wenzake waliogeuzwa vichwa nyuma. Kitabu chake kilizidi kunakiliwa, na mwaka 1491 kikapigwa chapa Augsburg. Mwaka 1676 Lilly, mzee wa samaki, alitoa kwa Kiingereza kanuni za Bonatti zilizofasiriwa na Henry Coley.

Nini basi kilichopotea njiani? Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wake. Waarabu walikuwa na neno ittisal, kuungana, kwa sayari moja inayoikaribia nyingine hata nuru zao zikashikana. Kuungana huko kunaweza kutokea sayari zikiwa mahali pamoja, na kunaweza pia kutokea kwa kutazamana tu, moja ikiwa huku na nyingine kule. Kukaa pamoja kwenyewe kulikuwa na majina yake mengine. Tafsiri za Kilatini ziliyamwaga yote katika chombo kimoja: coniunctio.

Sasa aje mtu anayedai pesa. Kausi inachomoza, kwa hiyo mdai ni Mshtarii. Nyumba ya saba ni Jauza, kwa hiyo mdaiwa ni Utaridi. Mshtarii yuko digrii ya 14 ya Asadi, Utaridi yuko digrii ya 10 ya Mizani na anakwenda mbio kuliko Mshtarii. Wako mbali kwa buruji mbili, wanatazamana kwa jicho la urafiki, na baada ya digrii chache nuru zao zitashikana. Kanuni inasema: bwana wa nyumba ya saba akiungana na bwana wa nyumba ya kwanza, mdaiwa atakuja mwenyewe na mali. Aliyeisoma kwa Kiarabu atamwambia mdai arudi nyumbani akasubiri. Aliyeisoma coniunctio kwa maana ya sayari kukutana mahali pamoja atatazama chati, aone Asadi huku na Mizani kule, na kusema hakuna kitu. Chati ni hiyohiyo na kanuni ni hiyohiyo.

Jambo kama hilo lilitokea kwa kupokelewa, qabul kwa Kiarabu. Mashaallah aliliandikia kitabu kizima. Kwake, sayari inapokwenda kuungana na nyingine huku ikiwa ndani ya nyumba ya huyo mwingine, inapokelewa kama mgeni na mwenyeji, na hata sayari nahasi hulainika. Kuungana ni sharti. Kufika kwa Lilly, kupokelewa kumekuwa ni sayari mbili kukaa kila moja katika himaya ya mwenzake, hata kama haziendi kuungana. Hakuna mfasiri mmoja wa kulaumiwa hapo. Maana ilisogea kidogokidogo kwa karne nyingi, na kila aliyeisogeza aliamini anafuata wazee.

Kuna pia matatizo ya mwandiko, na hapa wanaosoma miswada ya Kiswahili cha hati za Kiarabu watajikuta nyumbani. Wanajimu waliandika namba kwa herufi za abjadi. Ya ni 10, nuni ni 50, jimu ni 3, ha ni 8. Ondoa nukta, kama wanakili wengi walivyofanya, na jino la ya ni sawa na jino la nuni, na umbo la jimu ni sawa na umbo la ha. Alama moja inasomeka 13, 18, 53 au 58. Ikiwa ni digrii ndani ya buruji, mbili za mwisho zinaanguka zenyewe, kwa kuwa buruji ina digrii 30 tu. Ikiwa ni dakika za digrii, zote nne zinabaki. Mwezi husogea kiasi cha digrii 13 kwa siku, hivyo kosa la digrii tano kwenye Mwezi ni kosa la saa tisa hivi.

Lakini hapo ndipo vitabu hivi vinapompa mfasiri msaada usiopatikana kwingine. Nafasi ya Jua, ya Mwezi na ya Zohali katika siku fulani ya karne ya 8 inaweza kuhesabiwa leo. Chati ikisema Zohali yuko digrii ya 18 na hesabu ikampeleka karibu na 13, nukta imerudi mahali pake. Kwa hesabu za namna hiyo wasomi wameweza kuzipeleka chati za kitabu cha Mashaallah cha kupokelewa katika miaka ya mwanzo ya 790, yaani wakati wa Harun al-Rashid. Mfasiri asiyeweza kupiga hesabu hizo anabaki kumwamini mwanakili, na mwanakili hakuwa mnajimu.

Ndiyo maana mgawanyiko wa wafasiri wa leo unastahili kutazamwa bila upendeleo. Upande mmoja wako wasomi wa vyuo, na kinara wao kwa miongo kadhaa amekuwa Charles Burnett wa Taasisi ya Warburg, London. Wao hukusanya miswada yote, hulinganisha, huchapa Kiarabu na Kilatini na tofauti zote chini ya ukurasa. Upande wa pili wako wanajimu wenyewe. Mwaka 1993 Robert Hand, Robert Schmidt na Robert Zoller walianzisha Marekani mradi wa kufasiri maandishi ya kale ya fani yao, na anayeonekana zaidi baada yao ni Benjamin Dykes. Mwaka 2007 Dykes alitoa kitabu kizima cha Bonatti kutoka Kilatini, zaidi ya kurasa elfu moja. Shirika lake la uchapaji linaitwa Cazimi, neno ambalo lenyewe ni Kiarabu cha "kiini cha Jua" kilichochakaa midomoni mwa Walatini.

Kisa cha Dykes na Sahl ndicho chenye mafunzo mengi. Mwaka 2008 alimfasiri Sahl kutoka Kilatini. Baadaye akaingia katika Kiarabu, na mwaka 2019 akamfasiri Sahl upya kutoka Kiarabu. Ni nadra mtu kupata nafasi ya kujisahihisha hadharani kwa kitabu kilekile, na zoezi hilo linaonyesha kwamba wingi wa utata uliodhaniwa kuwa wa Sahl ulikuwa wa Kilatini. Mwaka huohuo wa 2019 Keiji Yamamoto na Burnett walichapa utangulizi mkubwa wa Abu Mashar, mnajimu mwingine wa Baghdad, kwa Kiarabu na Kiingereza, na mwaka uliofuata Dykes naye akatoa tafsiri yake ya kitabu hichohicho. Msomaji anaweza sasa kuweka tafsiri ya chuoni na ya kilingeni juu ya meza moja. Ya chuoni haiongezi neno, hata pale ambapo sentensi inabaki haieleweki. Ya kilingeni inajua sayari inataka kufanya nini, na hatari yake ni kumfanya mwandishi wa karne ya 9 asikike akikubaliana na kila mwenzake. Anayetaka kanuni afanyie kazi atachukua ya pili. Anayetaka kujua kama kanuni ilikuwapo hatakwepa ya kwanza.

Ingekuwa kosa pia kuhitimisha kwamba Kilatini sasa kinaweza kutupwa. Kazi kadhaa za Mashaallah zimebaki kwa Kilatini peke yake. Hata pale Kiarabu kilipo, mara nyingi muswada uliopo uliandikwa baada ya siku za John wa Seville, na John alikuwa na nakala mbele yake ambayo hakuna atakayeiona tena. Tena alilazimika kuamua mambo ambayo Kiarabu kiliyaacha wazi. Katika Kiarabu, Mwezi ni wa kiume, nyota ni ya kiume, bwana wa nyumba ni wa kiume, nyumba ni ya kiume, na buruji ni ya kiume. Sentensi yenye "yeye" na "wake" tatu inaweza kumrejelea yeyote kati yao. Katika Kilatini, Mwezi ni wa kike, nyumba ni ya kike, bwana ni wa kiume, na buruji haina jinsia, kwa hiyo viwakilishi vingi vilimdai John jibu. Majibu yake si lazima yawe sahihi. Lakini yalitolewa na mtu aliyeishi karibu na wanajimu wa Kiarabu kuliko profesa yeyote wa leo.

Mtu akitaka kumleta Sahl katika Kiswahili moja kwa moja, msamiati mwingi anao tayari. Buruji, nahasi, Zohali, Mshtarii, Mirihi, Zuhura na Utaridi vimo katika lugha, na hata asiyesoma falaki anayajua majina ya Punda, Ng'ombe, Mashuke na Ndoo kutokana na safu za nyota magazetini, zile alizozizoesha marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011. Kazi itakuwa kwenye ngeli. Bwana wa nyumba ni "aki", Mwezi ni "uki", na hapo Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kuchagua kama Kilatini kilivyomlazimisha John. Sayari, nyumba na buruji zote ni "iki", na hapo Kiswahili kinaacha mlango wazi kama Kiarabu. Halafu kuna Utaridi na Mshtarii: mwandishi akiwapa "aki", kama ilivyofanywa katika mfano wa mdai na mdaiwa hapo juu, amekwisha kuwafanya watu, na kanuni ya Sahl juu ya sayari zilizo ndani ya nyumba za sayari nyingine itabeba maana nzito kidogo kuliko ikiandikwa "iki".